Walikuwa Kazini

Daftari la babangu lina jalada la kijani
na doa la kahawa lenye umbo la sikio.
Ukurasa wa kwanza: Kombe la Mtoano, mwaka wa kwanza,
timu saba.
Saba haigawiki. Ndipo shida ilipoanzia.

Majina yalikunjwa yakatiwa kofiani,
kofia ya vito ya Bwana Famau,
aliyoiazimisha kwa sharti irudi safi.
Karatasi moja ikabaki chini peke yake:
Nyuki wa Kuze.
Raundi ya kwanza wakapumzika,
wakaja uwanjani na tende zao
kutazama wenzao wakivunjana.

Uwanja ulikuwa mchanga na vifuu,
milingoti miwili kila upande, na badala ya mwamba
kamba ya katani, ikilegea kila upepo ukivuma.
Mpira ukipita juu, watu waliapa umepita chini,
na ukipita chini, mashahidi wa upande wa pili
walikuwa tayari kwenda hadi kwa Kadhi.

Nasoma. Makuli wa Kilindini na Vijana wa Kibokoni:
mbili kwa mbili.
Marudio: sare.
Marudio ya pili: sare, mvua, mpira umekunywa maji,
Stambuli, kipa wa Makuli, ameudaka akaanguka nao
kama aliyetwikwa gunia.
Hapa babangu, asiyekuwa na mzaha na wino, ameongeza:
"naye ni mzoefu wa magunia."
Marudio ya tatu: Makuli moja, Kibokoni bila.
Goli la Tindi, kwa goti, giza likiingia.
Kwa goti. Ameliandika mara mbili.

Kisha nusu fainali. Jumamosi, saa kumi.
Nyuki wa Kuze wamefika, jezi zimepigwa pasi,
njano isiyojua tope.
Makuli wa Kilindini —

meli ya mchele ilikuwa imetia nanga alfajiri,
na msimamizi alisema: asiyeshika kamba leo
kesho asije akauliza jina lake langoni.
Pale uwanjani, wanasema, ukinyamaza
ulizisikia winchi.

Kamati ikangoja nusu saa, kwa saa ya mfukoni.
Refa akapuliza. Nyuki wakaanza peke yao,
wakapasiana bila haraka,
kama watu wanaopitishiana sahani,
mpaka Badi, mtoto wa fundi cherehani,
akausukuma mpira katika goli lisilo mtu.
Moja bila.
Hakuna aliyeshangilia.
Mpira ulikuwa umekwenda mbali;
Badi akaufuata mwenyewe.

Fainali wakashinda. Kombe likazungushwa Kuze kwa zumari,
na kutoka ng'ambo ya barabara wakajibiwa:

*Kombe mmeliokota, jasho hamkulitoa;*
*njiani mlilipata, goli tupu mwatoboa.*

Kamati ilitaka daftari liseme "Hawakutokea."
Neno moja tu, ndivyo kanuni zilivyotaka.
Babangu akaliandika, hati imenyooka.
Halafu chini yake, kwa kalamu inayoishiwa wino:
"Walikuwa kazini."
Akaamriwa afute. Hakufuta.
Msimu uliofuata karani ni mtu mwingine,
mwenye hati nzuri zaidi.

Kombe lenyewe liko Kuze mpaka leo,
kabatini kwa mjukuu wa Badi.
Fedha imebanduka, shaba inachungulia;
ndani mna vifungo vya shati
na ufunguo uliosahau mlango wake.
Niliomba nilishike. Jepesi,
jepesi kuliko daftari.

Nikamfungulia ukurasa.
Akasoma, akarudia kwa kidole,
akanyamaza kitambo, nje mtu akiita kahawa.
"Na mchele wenyewe," akasema,
"si tuliula sote?"